Meza ya Vigae Iliyotolewa Nje Siku ya Msiba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina kamili: Flaviana Kokushubira Byabato
Umri: Miaka 52
Kazi: Mtayarishaji wa madai ya bima, kliniki ya meno, Rockville
Makazi: Gaithersburg, Maryland
Asili: Bukoba, Tanzania
Lugha ya maelezo: Kiswahili, kwa ombi la shahidi
Mahali: Kituo cha polisi, Rockville
Tarehe: Jumamosi, 12 Oktoba 2024, kuanzia saa kumi na nusu jioni
Mbele ya: Ofisa Ethan Waithaka

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu ingawa sijalala tangu jana. Nimeomba kuyatoa kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kikichanganyika na hasira hakifai kuwekwa kwenye jalada la serikali. Ofisa Waithaka ameniambia wazazi wake wanatoka Nyeri, yeye alizaliwa hapa Laurel, na Kiswahili anakisikia vizuri ila kukiandika ni shida. Tumekubaliana niandike kwa mkono wangu, yeye akae mbele yangu, aulize, asome, kisha aweke sahihi. Kazi hii si ngeni kwangu. Kabla ya kuja Marekani nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo Bukoba, nikanakili maelezo ya watu mpaka kidole kikaota sugu. Ya kwangu mwenyewe sikuwahi kuandika hata siku moja.

Nianze na lililonileta, ili atakayesoma ukurasa wa kwanza tu na kuchoka awe amelipata. Nyumbani kwangu hakuna kilichoibwa. Mtu anayeitwa Nehemiah Barasa, mkazi wa Laurel, ambaye anashikiliwa katika kituo hiki tangu mchana kwa kushukiwa kuvunja nyumba yangu na kuchukua mali, hakuvunja na hakuiba. Nataka aachiwe. Sababu zinafuata.

Mnamo tarehe 11 Oktoba 2024, siku ya Ijumaa, majira ya saa moja jioni, mume wangu Respicius Byabato alipigiwa simu kutoka Bukoba akaambiwa mama yake mzazi amefariki. Mama alikuwa mtu mzima sana na alikuwa akiumwa, lakini Respicius alikaa chini kwenye ngazi na simu mkononi kama mtu asiyejua kama anapanda au anashuka. Tulikata tiketi ya ndege ya kesho yake mchana, kutoka Dulles.

Mnamo tarehe 12 Oktoba, asubuhi ya leo, Jacqueline Mushi alifika nyumbani kwangu. Jacqueline ni Mtanzania mwenzangu na ndiye tunayemkabidhi nyumba mtu akifiwa. Hana cheo kilichoandikwa popote, ila akiingia na furushi lake la mikeka watu hunyamaza na kusubiri kupangiwa kazi. Alikuja na wanaume wawili, mume wake Godlisten na kijana wetu wa kwaya anayeitwa Cosmas. Nilimpa ufunguo kwa mkono wangu. Nikamwambia hivi: "Jackie, nyumba ni yako. Usifungue gereji tu."

Ofisa ameniuliza gereji ina nini. Gereji ina vyombo vyangu vya kauri. Mimi nakusanya kauri na samani za vigae za Uholanzi za miaka ya hamsini na sitini, na gereji ilishajaa muda mrefu, gari linalala nje hata theluji ikianguka. Respicius ameshasema yote anayoweza kusema juu ya hilo na sasa amenyamaza. Niliikataza kufunguliwa kwa sababu kuna majagi yamepangwa nyuma tu ya mlango, na mtu asiyejua akiuinua kwa nguvu yatakuwa changarawe.

Saa nne asubuhi nilimwendesha mume wangu kwenda Dulles. Nilipomshusha aliniambia, "Flavi, watu watakuja wengi. Wapishe wakae." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jackie yupo.

Niliporudi, majira ya saa nane na robo mchana, magari yalikuwa yamejaa mpaka kona ya mtaa, yameficha nyasi za mbele, na nilisikia kuimba kabla sijafungua mlango. Pale mlangoni palikuwa na kadi ya polisi imechomekwa. Nilidhani ni mambo ya maegesho, nikaitia mfukoni. Sebule ilikuwa tupu, imefagiliwa, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta, na wanawake kama ishirini wamekaa chini. Walinipokea kwa kilio, nikalia nao. Ni baada ya kulia, nilipotaka mahali pa kuweka mkoba, ndipo mkono wangu ulipokuta hewa.

Nikamuuliza Jacqueline kwa sauti ya chini, "Meza yangu iko wapi?"

Akanijibu, "Iko nje, dada. Na vile vyombo vyako vya juu ya kabati nimevifunga kimoja kimoja kwenye kanga, nikavipanga kwenye boksi. Hakuna kilichogusana na kingine. Gazeti nilitafuta, hapa nani tena ananunua gazeti?"

Nikauliza, "Nje wapi?"

Akasema, "Pale mbele, kwenye nyasi. Gereji si umesema tusifungue?"

Nilitoka. Kwenye ukanda wa nyasi, kando ya barabara, kulikuwa na makochi yetu mawili, na kabati langu dogo la vigae limesimama wima kama linasubiri basi. Meza haikuwepo. Boksi la vyombo halikuwepo.

Hapa lazima nieleze desturi, kwa sababu kesi yote imekaa hapo. Kwetu mtu akifiwa, kitu cha kwanza ni kuondoa samani sebuleni. Makochi yanatolewa, meza zinatolewa, watu wanakaa chini kwenye mikeka, mwenye cheo na asiye na cheo. Vitu vinawekwa uani au mbele ya nyumba mpaka msiba uishe, na hakuna anayevigusa, kwa sababu kila anayepita akiona kochi nje ya nyumba anajua pale kuna kifo na anapunguza sauti. Hapa Marekani, kochi likiwa kando ya barabara, kila anayepita anajua ni la bure. Jacqueline amekaa nchi hii miaka kumi na saba na hilo analijua kabisa, yeye mwenyewe alipata baiskeli ya mwanawe hivyohivyo. Lakini msiba ulipoingia, akili yake ilirudi kwao Moshi. Na mimi nisingemlaumu, maana nilipomwambia "nyumba ni yako" sikumkumbusha tuko nchi gani.

Ofisa Waithaka aliposoma aya hiyo juu ya bega langu alisimama akaenda dirishani. Akasema, "Guka wangu, yaani babu, alipo-pass tulienda Nyeri. Sitting room yote ilikuwa nje. Hata TV. I was nine. Nilidhani wanahama." Nimemwambia nitaliandika hilo, akasema si lazima. Nimeliandika.

Naendelea. Nikiwa nimesimama pale kwenye nyasi, jirani yangu wa nyumba ya mbele, mama Mmarekani aliyestaafu, alivuka barabara akaja kunikumbatia. Aliniambia ameona yote. Kwamba baada ya mimi na mume wangu kuondoka, aliona wanaume wawili asiowajua wakitoa samani nyumbani kwangu moja baada ya nyingine, haraka haraka. Kwamba baadaye pikapu ya kijivu ilisimama, mtu akashuka, akapakia meza na boksi, akaondoka. Kwamba kamera ya mlango wake ilinasa namba za gari na yeye akapiga simu polisi hapohapo. Wageni walipoanza kuja na masufuria alidhani wamekuja kunisalimia bila kujua nimeibiwa, akaona haya kuwaambia yeye. Ni jirani mwema. Hakukosea kwa alichokiona, na naomba asisumbuliwe.

Ofisa aliyekuja nyumbani aligonga wakati watu wanaimba. Wahaya na Wachaga wakishaanza kuimba pamoja, kengele ya mlango haina nafasi. Hakufunguliwa, ndiyo akaacha kadi. Nilipopiga namba ya kwenye kadi, nikaambiwa gari limepatikana, mtu mmoja anashikiliwa, na nije Rockville kutambua mali.

Nataka liandikwe kwamba nilifurahi. Sitaki kujifanya mtakatifu. Njia nzima ya I-270 nilikuwa namtukana huyo mtu kwa Kihaya, nikisema anaiba penye maiti, na nilikuwa na hamu ya kumwona uso.

Ofisa amenitaka nieleze mali iliyochukuliwa. Ni meza fupi ya sebuleni, fremu ya mbao ya mtiki, na juu yake vimepangwa vigae vya kauri vilivyochorwa kwa mkono, safu tatu za vigae vinane. Ilitengenezwa Uholanzi, kwa makadirio yangu kati ya mwaka 1958 na 1964. Michoro ni samaki na majani, rangi ya haradali, kahawia na kijani cha chupa. Watu wakisikia vigae vya Uholanzi wanafikiri vile vya bluu na nyeupe vyenye vinu vya upepo. Vile vinauzwa mpaka uwanja wa ndege. Hivi vyangu vilichorwa baada ya vita na watu waliokwisha kuchoshwa na vinu vya upepo, na samaki mmoja hafanani na mwenzake, kwa sababu kila mmoja ni mkono wa mtu siku hiyo. Alama ya utambulisho: kigae cha kona ya kushoto kimewekwa kichwa chini tangu kiwandani, samaki wake anaogelea kurudi. Anayejua ni mimi ninayemfuta vumbi. Ndani ya boksi: vyombo sita vya maua na bakuli moja pana, vyote kauri, vyote vya miaka hiyohiyo.

Ofisa ameniuliza kama maelezo marefu namna hii ni ya lazima. Nimemjibu kwamba yeye ndiye aliyeuliza.

Meza hii niliinunua miaka tisa iliyopita Kensington, kwenye nyumba ya mzee Mholanzi aliyekuwa anarudi kwao na kuuza vitu vyote vya ndani. Nilikwenda kutafuta jokofu. Nikaiona hiyo meza, nikaondoka bila jokofu, na ndiyo iliyonitia ugonjwa huu wote. Lakini si kwa sababu hiyo tu niliitaka irudi. Mama mkwe wangu, huyuhuyu marehemu, alipokuja kututembelea alisimama mbele yake akaniuliza kwa nini nimejenga bafu sebuleni. Wiki haikuisha akawa anaweka kikombe chake cha chai pale bila kisahani, akasema walau Wazungu hawa waliwafikiria watu wanaomwaga. Alikaa kwetu miezi mitatu na hakukubali kunywea chai mahali pengine. Sasa mume wangu yuko angani anakwenda kumzika. Sikujua nitamwambia nini akirudi na kuuliza meza aliyonywea chai mama yake imekwenda wapi.

Nilifika kituoni hapa majira ya saa tisa na nusu. Nikiwa kwenye benchi la mapokezi nilikuwa naongea na Jacqueline kwenye simu, nikimwambia mwizi amekamatwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, amevaa sare za kazi ya kuhudumia wazee na viatu vyake bado vina plastiki za wodini, alinyanyuka akaja kusimama mbele yangu. Alisubiri nimalize simu.

Akasema, "Samahani, mama. Nimeskia unaongea Kiswahili. Ni wewe mwenye hiyo meza?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Na wewe ni nani?"

Akasema, "Naitwa Bilha. Huyo mwenye wameshika ni bwana yangu. Mama, sitakuambia umhurumie. Nitakuambia tu vile aliniambia kwa simu."

Nilikuwa sijataka kusikiliza, nikasikiliza. Aliniambia kwamba mume wake Nehemiah hukusanya vitu vilivyoachwa kando ya barabara, huvitengeneza na kuvipeleka Mombasa kwa kontena pamoja na wenzake. Leo alikuwa Gaithersburg kuchukua kitanda cha mtu, akapita mtaa wetu, akaona samani kwenye nyasi. Alichukua meza na boksi kwa kuwa kabati lisingeingia. Alipofika Rockville alisimama kuweka mafuta, akafungua boksi aone kama kuna kitakachovunjika.

Bilha akasema, "Akanipigia hapo petrol station. Akaniambia, 'Bilha, hii box iko na leso. Leso mpya, mbili mbili bado zimeshikana, hazijakatwa. Hakuna mtu wetu anatupa leso kama hizi. Hii si takataka, hapo kuna kitu imefanyika kwa hiyo nyumba. Wacha nirudishe.' Nikamwambia rudisha haraka. Hiyo ndiyo call ya mwisho. Ingine ilikuwa ya polisi."

Leso kwao Kenya ndiyo kanga, zilezile za Jacqueline. Nilimuuliza, "Unaniambia kweli?"

Akasema, "Mama, Tuesday ako na interview ya uraia. Tumengoja miaka kumi na mbili. Sisi hatuwezi hata kupita taa nyekundu."

Alisema hivyo bila kulia. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na mimi niliiangalia ile mikono kwa sababu sikuweza kumwangalia usoni.

Nilikwenda kwenye dirisha nikaomba kuongea na ofisa mwenye jalada. Ndipo nilipokutana na Ofisa Waithaka. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Mlimsimamisha akielekea wapi?" Akaangalia kwenye kompyuta yake akasema I-270 kuelekea kaskazini, karibu na njia ya kutokea kwenda Gaithersburg. Nikamwambia mtu huyu anaishi Laurel. Aliyeiba Gaithersburg anakimbilia kwake, harudi alikoiba. Ofisa akaniambia kwamba hilo waliliona, ila walidhani anarudia kabati.

Nakiri kwamba ni hoja nzuri. Kwa mtu aliyeona ile video na asiyejua kitu kingine, ni wanaume wawili wanatoa, wa tatu anabeba, na bado kabati limebaki. Ningekuwa bado karani ningeinakili bila kusita. Ndiyo maana nimeona haitoshi kusema kwa mdomo kwamba nimemsamehe. Hakuna cha kusamehe, na ukisamehe mtu kwa maandishi umeshaandika kwamba alikosa.

Kwa hiyo natamka kama ifuatavyo. Wanaume wawili wanaoonekana kwenye video ni Godlisten Mushi na Cosmas. Waliingia kwa ufunguo niliotoa mimi. Walitoa samani kwa maelekezo ya Jacqueline, na Jacqueline alikuwa na ruhusa yangu kuipanga nyumba kwa ajili ya msiba. Hawamjui Nehemiah Barasa. Nimewapigia simu mbele ya ofisa, simu ikiwa wazi, na Godlisten aliuliza, "Nehemiah ndiyo nani?" mpaka mara mbili, kisha akauliza kama wali uendelee kupikwa.

Ofisa ameniuliza kama nilimruhusu Nehemiah kuchukua meza. Sikumruhusu. Ameniuliza kama mtu wa kawaida akipita pale angedhani vitu vile vimetupwa. Nimejibu ndiyo. Ameniuliza nina hakika gani. Nimemjibu kwamba lile kabati la vigae lililobaki kwenye nyasi, ambalo linasemekana Nehemiah alikuwa anarudi kuliiba, mimi mwenyewe nililiokota kando ya barabara Silver Spring miaka sita iliyopita, limesimama wima vilevile, na sikugonga mlango wa mtu kuuliza. Nililipakia nikaondoka kwa kasi kabla mwingine hajaliona. Kama Nehemiah ni mwizi, basi nami nifungwe naye. Yeye alipoona dalili kwamba vitu vina mwenyewe, aligeuza gari. Mimi ningekuta kitu kizuri ndani ya lile kabati, sijui kama ningegeuza.

Ofisa alicheka, kisha akanitaka nisiandike kwamba alicheka.

Baada ya hapo, saa kumi na moja na robo, nilipelekwa nyuma ya kituo kutambua mali. Meza ilikuwa kwenye pikapu. Ilikuwa imelazwa juu ya godoro la kile kitanda alichokwenda kuchukua, imefunikwa blanketi mbili, na kamba imepitishwa miguuni, si juu ya vigae. Nimewahi kulipa watu wa kuhamisha mizigo ambao hawakuifunga vizuri hivyo. Nilifunua blanketi nikapitisha kiganja changu kigae kwa kigae. Vyote vilikuwepo. Hakuna ufa. Samaki wa kona alikuwa bado anaogelea kurudi. Nikafungua boksi, nikavifungua vyombo vyote, Ofisa Waithaka akinishikia kanga. Hakuna hata kimoja kilichomeguka mdomo.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ofisa mwingine aliyekuwa ameegemea ukuta anakula mkate akaitikia amina. Niseme wazi kwamba nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu simu ya jana, kisha nikaona aibu, kwa sababu mwenye meza alikuwa ameshapata chake na mwenye pikapu alikuwa bado yuko ndani.

Niliyoyaandika mpaka hapa ni kweli tupu na nimeyasoma mara mbili.

NYONGEZA, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni

Nimeomba karatasi nyingine kwa sababu kuna lililotokea baada ya hapo na sitaki libaki nje ya jalada.

Ofisa Waithaka alipeleka maelezo yangu kwa mkubwa wake, akamtafsiria. Alichukua muda. Mimi na Bilha tulikaa benchi moja. Alinipa nusu ya chapati aliyokuwa nayo kwenye mkoba, nikaila, na ndipo nikakumbuka kwamba sijala tangu jana mchana. Hatukuongea juu ya kesi. Aliniuliza marehemu alikuwa na watoto wangapi nikamwambia, naye akaniambia mama yake mzazi yuko Kakamega na hajamwona miaka tisa, wanangoja huo uraia ndipo waende.

Mlango ulipofunguliwa, Nehemiah Barasa alitoka na mkanda wake mkononi. Ni mtu mrefu, mpole wa sura, amevaa fulana yenye vumbi la vitu vya watu. Bilha alisimama, akamshika shingoni, akabaki hivyo. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima kutoka nyuma ya kituo nilikuwa napanga maneno, na nilikuwa tayari anifokee, anitukane, aniulize mimi ni mtu wa namna gani ninayeacha vitu barabarani kisha nawafunga watu. Ningeyapokea yote.

Alinijia mbele yangu, akanipa mkono, na kwa ule mwingine akashika kiwiko chake mwenyewe kwa heshima. Akasema, "Mama, huyu ofisa ameniambia ni matanga. Pole sana kwa kufiwa. Mzee wako amesafiri salama?"

Nililia pale mapokezi kuliko nilivyolia nyumbani mbele ya wanawake ishirini, na ilikuwa nafuu kulia. Nehemiah akasema, "Pole, mama. Pole." Bilha akanishika mgongo.

Nilipotulia niliomba vitu viwili. Kwanza, Nehemiah apewe nakala ya maelezo haya yenye sahihi ya ofisa, aende nayo Jumanne, na akiulizwa kama amewahi kushikiliwa na polisi aseme ndiyo bila kutetemeka na awape hii karatasi. Nimeacha namba yangu ya simu hapa chini. Atakayeniuliza nitamwambia, na kama hajui Kiswahili nitatafuta Kiingereza kisicho na hasira.

Jambo la pili lilihusu mali. Ofisa alitaka kujua gari gani litakuja kuchukua meza. Nehemiah akasema pikapu yake iko tayari, ataipeleka mpaka mlangoni sasa hivi, na angependa kuingia kidogo kuwasalimia wafiwa kama hatutaona vibaya. Nimemwambia aje yeye na Bilha, wakae, wale, maana wali wa Godlisten utalisha hata kituo hiki. Lakini kuhusu meza, tuliangaliana. Sebuleni watu wako chini mpaka Respicius arudi kutoka kuzika. Gereji imejaa. Kwenye nyasi sirudii tena.

Nikamuuliza Nehemiah kama kwake kuna nafasi. Akasema iko, stoo yake ni kavu na inafungwa.

Haya yote nimeyasema na kuyaandika mwenyewe, kwa lugha yangu, bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: F. K. Byabato

Maelezo ya ofisa: Mimi Ofisa Ethan Waithaka nimesoma maelezo haya na kumsikiliza shahidi. Maneno ya hapa nimeandika mimi, shahidi amenisahihishia. Bwana Nehemiah Barasa ameachiwa leo bila shtaka lolote. Nakala moja amepewa. Meza moja ya vigae na boksi moja la vyombo vya kauri vimetambuliwa na vyote ni vizima. Nilimuuliza shahidi mara mbili kama ana hakika, akasema andika. Kwa hiyo, kwenye nafasi ya mtu aliyekabidhiwa mali kwa ajili ya kuitunza, nimeandika jina la Nehemiah Barasa.